Je, wajua? Shida ya chenji sokoni ishafanyiwa utafiti hapa hapa magharibi mwa Kenya, na unaeza kuusoma bila kulipa

Saa moja asubuhi soko la Kibuye hapa Kisumu, mama anayeniuzia omena alikuwa bado hajafungua mkono. Akaja mteja, akapimiwa gorogoro moja mpaka ikatengeneza kilima juu, ikamwagwa kwa gazeti ikafungwa vizuri, alafu mteja akatoa noti ya elfu. Mama akapapasa kibeti kilichofungwa kiunoni, akamwangalia jirani wa nyanya, jirani akatikisa kichwa, ikabidi kijana atumwe mbio mpaka duka la kona. Kijana akarudi na noti ikiwa nzima vile vile. Mteja akasema wacha nitapitia nikirudi. Hakurudi, na omena ikafunguliwa ikarudishwa kwa gunia.

Nikamuuliza mama hii kitu hutokea mara ngapi kwa wiki, akaniambia, "Mwanangu, hiyo nani huhesabu?"

Sasa kumbe kuna watu walihesabu. Watafiti watatu, Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, walifuatilia biashara ndogo ndogo hapa magharibi mwa Kenya wakitaka kujua kitu kimoja tu, mtu akikosa chenji anapoteza pesa ngapi. Walichopata, kilichochapishwa 2014, ni kwamba biashara ya kawaida ilikuwa inapoteza kama asilimia 5 hadi 8 ya faida yake yote juu ya kukosa chenji. Hebu weka hiyo kwa hesabu ya soko. Ukiwa mtu wa kubaki na faida ya shilingi 500 kwa siku, asilimia 5 ni shilingi 25 na asilimia 8 ni shilingi 40, na ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi ni kati ya 650 na 1,040, hiyo ni pesa ya chama kabisa, imepotea na hakuna mtu ameiba.

Lakini kilichonigusa zaidi ni vile walijaribu kuitibu. Hawakuleta mkopo wala semina ya hoteli. Kundi moja waliliuliza tu maswali kila wiki, wiki hii umepoteza wateja wangapi juu ya chenji, na kundi lingine wakalionyesha hesabu yenyewe ya kile kinachopotea. Pande zote mbili watu wakabadilika, wakaanza kujipanga na chenji mapema na mauzo yaliyokuwa yanapotea yakapungua. Kuulizwa peke yake kulitosha kumfanya mtu aone kitu alikuwa anakipita kila siku.

Nimeishi Kisumu maisha yangu yote na nilikuja kujua huu utafiti nikiwa mtu mzima, nikimsaidia binamu yangu kutafuta habari za mradi wake wa chuo kuhusu biashara ndogo. Alikuwa amekaa saiba siku mbili na hajapata chochote cha maana, kila akitafuta analetewa zile makala za njia kumi za kuwa tajiri. Hapo ndo nikaanza kujiuliza, mbona utafiti uko, tena wa huku kwetu, na sisi hatuupati?

Jibu kubwa ni jina. Sisi tunaita kibanda, kioski, mama mboga, jua kali, hustle. Wanaoandika utafiti wameweka vitu hivyo hivyo kwenye droo zenye majina mengine, na jina limekuwa likibadilika kila baada ya miaka kadhaa, kwa hivyo ukitafuta na jina moja unapata kipande cha miaka fulani tu na unadhani hakuna kingine.

Na hii historia ya majina inatuhusu Kenya kuliko watu wengi wanavyojua. Mwaka 1971 mtafiti mmoja Mwingereza, Keith Hart, alieleza kwenye kongamano vile watu maskini wa Accra kule Ghana walikuwa wanajitafutia riziki nje ya kazi za mshahara. Mwaka uliofuata, 1972, Shirika la Kazi Duniani, ILO, likatoa ripoti kubwa kuhusu ajira nchini Kenya, na ni hiyo ripoti ya Kenya ndo ilifanya neno sekta isiyo rasmi, kwa Kiingereza "informal sector", lisambae dunia nzima. Kabla ya hapo serikali nyingi zilikuwa zinaona fundi wa kandoni mwa barabara ni mtu hana kazi, anangoja kazi. Ile ripoti ikasema hapana, huyu anafanya kazi, anazalisha, na mara nyingi kinachomrudisha nyuma ni kusumbuliwa na wenye mamlaka. Kwa hivyo leo mtu akiandika kuhusu wachuuzi wa nchi yoyote anatumia neno lililopata nguvu kutokana na mafundi na wachuuzi wa Kenya.

Baadaye likaja jua kali, ambalo lilitoka kwa mafundi wenyewe juu walikuwa wanagonga mabati nje kwenye jua, mpaka likaingia kwenye karatasi za serikali, ile sera ya 1992 ya biashara ndogo ina jua kali kwenye kichwa chake. Alafu 2012 Bunge likapitisha sheria ya biashara ndogo na ndogo kabisa na lugha ikageuka tena, ikawa ni "MSE", na ukiongeza za kati inakuwa "MSME". Huko kwa majarida ya uchumi nako wanasema "microenterprise" ama "small firms". Binamu yangu alikuwa ameandika "small business Kisumu" pekee. Tulipobadilisha tukaandika "microenterprise" na "western Kenya" kwenye Google Scholar, ambayo ni ile Google ya kutafuta kazi za wasomi na haina malipo, kurasa zikajaa.

Umeona hapo pia tuliandika "western Kenya", si Kisumu. Hiyo ni siri ya pili. Watafiti wengi wa uchumi wamefanya kazi Busia na Siaya kwa zaidi ya miaka 20, na kwenye vichwa vya makala zao huandika Kenya ama magharibi mwa Kenya bila kutaja mji. Mfano mzuri ni Bumala, pale Busia ukienda mpaka. Pascaline Dupas na yule Robinson wa chenji walifungulia wauzaji wa soko, wengi wao wakina mama, na waendesha boda za baiskeli akaunti za kuweka akiba kwenye benki ndogo ya kijijini. Akaunti haikuwa na riba, na ukitoa pesa unakatwa. Mtu angesema nani atakubali akaunti ka hiyo. Wakina mama wa soko wakaitumia, akiba yao ikapanda na pesa wanayorudisha kwa biashara ikapanda pia. Wanaume wa baiskeli, hakuna badiliko lililoonekana. Na watafiti walijua hivyo juu hao watu walikuwa wanaandika kwa daftari kila siku, nimeuza hivi, nimetumia hivi, nimemsaidia nani.

Mi hiyo ya Bumala nimeisomea wanawake wa chama cha mtaani kwetu kwa Kiswahili na hakuna aliyeshangaa, mmoja akasema ni kweli, pesa ikiwa kwa nyumba kila mtu ana shida nayo, ikiwa mbali na inauma kuitoa ndo inakaa.

Siaya nayo kuna ule mkubwa wa vijiji 653, ambapo nyumba karibu 10,500 zilipewa pesa taslimu, kama dola 1,000 kila moja, na watafiti wakafuata pesa ilienda wapi. Biashara za pale pale vijijini ziliuza zaidi, hata za watu ambao hawakupewa kitu, na bei za bidhaa zilipanda kidogo sana tu. Mtu wa duka kijijini anahitaji kujua hiyo.

Ukishapata kichwa cha makala utakutana na ukuta wa malipo, lipa dola 30 ama 40 ndo usome. Usilipe, na usikate tamaa, hapa ndo wengi hugeuka. Kwenye Google Scholar chini ya kila makala kuna mahali pa kubonyeza uone matoleo yote, na mara nyingi moja kati ya hayo ni rasimu ileile ambayo mwandishi ameiweka kwenye ukurasa wa chuo chake, ya bure. JSTOR nayo, ambayo ni maktaba ya mtandaoni ya majarida ya wasomi, ukifungua akaunti ya bure inakuruhusu kusoma makala nyingi kwenye skrini kila mwezi. Na ikishindikana kabisa, muandikie mtafiti mwenyewe baruapepe, mistari mitatu ya adabu, sema unatoka wapi na unaihitaji kwa nini. Nimefanya hivyo mara mbili na mara zote nilitumiwa.

Vyuo vyetu visipitwe. Maseno, Egerton pale Njoro, Masinde Muliro ya Kakamega na Jaramogi Oginga Odinga ya Bondo wana hazina za mtandaoni ambapo tasnifu za wanafunzi zimewekwa, na huko ndo utakutana na Kisumu, Nakuru, Bungoma zikitajwa kwa jina, soko kwa soko. Zina udhaifu wake, nyingi zimehoji watu wachache na zinafanana fanana, lakini orodha ya marejeleo mwishoni ni dhahabu, mwanafunzi ashakutafutia kazi nusu. Kuhusu wachuuzi wa barabarani na samaki wa Ziwa Victoria mtafute Winnie Mitullah wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na wewe wa Nakuru unayefanya biashara ya mazao tafuta kazi za taasisi ya Tegemeo, ambayo iko chini ya Egerton.

Upande wa takwimu, nenda kwa Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS. Kila mwaka wanatoa ripoti ya hali ya uchumi, na ndani yake utaona kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira Kenya iko kwa sekta isiyo rasmi. Pia wana ule uchunguzi wa biashara wa 2016 uliopata biashara ndogo na za kati zaidi ya milioni 7.4, kati yake zilizo na leseni ni kama milioni 1.56 tu, na ukapata pia biashara milioni 2.2 zilifungwa ndani ya miaka mitano.

Hapo kwa takwimu nataka nikae kidogo, juu nimeona watu wakiumia. Kuna hesabu nyingine ya zamani, ya 1999, inayosema biashara ndogo zilikuwa kama milioni 1.3. Mtu anachukua hizo mbili anaandika kwa proposal kwamba biashara zimeongezeka karibu mara sita, alafu mwenye kusoma anamkataa. Ile ya 2016 ilihesabu na za kati, hadi zenye wafanyakazi 99, ile ya 1999 iliishia kwa ndogo, kwa hivyo si kipimo kimoja. Ni ka kulinganisha gorogoro na debe. Benki ya Dunia nayo ina uchunguzi wake wa makampuni ambao umefika hata Nakuru na Nyanza, lakini unahoji tu biashara zilizosajiliwa zenye wafanyakazi 5 kwenda juu, mama wa omena hayumo. Na sheria ya 2012 ilipopitishwa ilisema biashara ndogo kabisa ni ile yenye watu chini ya 10 na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka, ambayo ukigawanya ni kama 1,400 kwa siku, kwa hivyo vibanda vingi tunavyoita vidogo sana vimeshapita hapo. Kabla uchukue namba yoyote, tafuta ukurasa unaoeleza walihesabu nani.

Ukitaka za kaunti yako, kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, saa hii ni ule wa 2023 hadi 2027, na huwa na sura za masoko na biashara. Kisichoandikwa humo, mfano idadi ya leseni zilizotolewa kwa wadi yako, unaeza kukiomba kwa barua. Katiba kifungu cha 35 kinakupa haki hiyo na sheria ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Mi niliomba ofisi moja ya umma nikakaa zaidi ya miezi miwili, mpaka nilipoitaja hiyo sheria kwa barua ya pili ndo nikajibiwa, kwa hivyo itaje kutoka barua ya kwanza.

Binamu yangu alimaliza mradi wake. Mama wa omena nilimnunulia daftari la shilingi 30 nikamwambia achore mstari kila mteja akienda juu ya chenji. Wiki ya kwanza ilikuwa na mistari 11. Siku hizi jioni kabla afunge anapitia kwa makanga wa matatu za Kondele kubadilisha noti mbili ziwe za 50 na 100, na daftari ameliweka juu ya gunia, limenuka samaki lote, anaandika na deni za watu humo humo.