Waswidi Hawaiiti Ndoa Sumu: Dhana Potofu Kuhusu Neno «gift»

Katika kazi yangu ya kutafsiri vyeti na hati za familia, hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi kuliko hili: je, ni kweli kwamba kwa Waswidi kuoa na kunywa sumu ni neno moja? Mteja huliuliza akicheka, kisha hunionyesha hati yake ambayo, mbele ya maneno ya hali ya ndoa, imeandikwa «gift», neno ambalo kwa Kiswidi humaanisha mtu aliyeoa au kuolewa, na pia sumu. Nimelijibu swali hilo kwa mdomo kwa miaka mingi, na sasa naona ni heri nilijibu kwa maandishi.

Dhana yenyewe ni kwamba Kiswidi kimeifananisha ndoa na sumu kwa makusudi. Si kweli. Neno hili limetokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kutoa, kilekile kilichozaa «give» ya Kiingereza, «geben» ya Kijerumani na «giva» ya Kiswidi, na maana yake ya kwanza ilikuwa tendo la kutoa au kitu kinachotolewa. Kiingereza kimebaki karibu na maana hiyo, kwa kuwa humo «gift» ni zawadi, na Kiholanzi vilevile, ingawa Waholanzi huiita sumu «gif», bila herufi ya mwisho. Upande wa ndoa, aliyetolewa ni binti: mzazi alimtoa kwa mume mbele ya ukoo, na hadi leo Kiswidi husema «gifta bort» kwa maana ya kumwoza mtu. Hata Kiingereza cha kale kilikuwa na «gift» ya mali iliyotolewa kwa ajili ya kupata mke, na wingi wake ulimaanisha arusi yenyewe. Kwa hiyo maana ya ndoa haikuchipuka kutoka kwenye sumu hata kidogo. Inakaa karibu na mzizi kuliko sumu inavyokaa.

Sumu ilipita njia nyingine, nayo ni njia ya waganga. Wagiriki walikuwa na neno «dosis», yaani utoaji, ambalo lilikuja kumaanisha kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Kilatini kikalichukua, na Wajerumani wa kale wakalifasiri kwa neno lao wenyewe la utoaji. Kwa kuwa watu hukwepa kutaja jambo la kutisha kwa jina lake, kilichotolewa kwa siri ili kuua kikaitwa tu «kilichotolewa». Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Mtu akifa ghafla baada ya karamu, majirani hunong'ona kwamba amelishwa kitu, na kila anayesikia anajua ni kitu gani. Dukani tunaomba dawa ya panya, na hakuna asiyejua kwamba dawa hiyo ni ya kuua. Isitoshe, dozi tunayoandikiwa hospitalini ni mjukuu wa «dosis» ileile.

Kinachoniudhi ni kwamba swali hili huulizwa na watu ambao lugha yao wenyewe inasema baba amemwoza binti na pia embe limeoza, wala hawajawahi kudai kwamba Waswahili huona ndoa kuwa uozo.

Wengine huenda upande wa pili na kudai kwamba zawadi ya Kiingereza na sumu ya Kijerumani, ambayo nayo huitwa «Gift», zimefanana kwa bahati tu. Hilo nalo ni kosa, kwa maana Kijerumani chenyewe kilikuwa zamani na «Gift» ya jinsia ya kike iliyomaanisha zawadi.

Wapo pia wanaoamini kwamba maneno yakiandikwa sawa lazima yawe ya ukoo mmoja. Siagi ya Kiitaliano na punda wa Kihispania wote ni «burro», lakini siagi imetoka katika «butyrum» ya Kilatini, na punda katika «burricus», farasi mdogo. Mkate wa Kifaransa, «pain», umetoka katika «panis», ilhali maumivu ya Kiingereza yanayoandikwa vivyo hivyo yametoka katika «poena», yaani adhabu. Mwandiko peke yake hauthibitishi udugu.

La mwisho ni «Mitgift» ya Kijerumani, ambayo wengi huiandika mahari pasipo kufikiri. Mahari hutoka kwa mume, lakini «Mitgift» ni mali ambayo bibi arusi hupewa kwao na kwenda nayo kwa mumewe. Katika hati ya mirathi, kosa hilo hugeuza mwenye mali. Nawasihi wafasiri wenzangu waandike kwa kirefu «mali aliyokuja nayo mke kutoka kwao», hata kama nafasi kwenye fomu ni finyu.