Mkataba wa Biashara ya Silaha: unasimamia nini hasa?

Hapa Lamu ukitaja silaha, mtu hukumbuka msitu wa Boni, mpaka wa Somalia huko Kiunga, na shambulio la Mpeketoni la Juni 2014. Bunduki zilizotumika huko hazikuundwa hapa. Zilitoka viwanda vya mbali, na silaha nyingi za aina hii huanza safari kwa mauzo halali kabla ya kupotelea njiani.

Safari hiyo ndiyo inayolengwa na mkataba uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 2 Aprili 2013. Nchi 154 ziliunga mkono. Iran, Korea Kaskazini na Syria zikapinga. Unahusu silaha za kawaida, yaani zisizo za nyuklia, za kemikali wala za kibayolojia: vifaru, ndege na meli za kivita, makombora, hadi bunduki ndogo.

Haupigi marufuku biashara, wala haugusi sheria za nchi kuhusu raia wake kumiliki bunduki. Unaibana nchi inayouza: ikijua silaha zitatumika kwa mauaji ya kimbari au kushambulia raia, isiuze. Pia ipime hatari ya mzigo kuchepushwa kwa mtu asiyetajwa kwenye karatasi.

Kwa maoni yangu, uchepushaji ndio kiini cha jambo lote, na pwani yetu ina mfano wake. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya T-72. Serikali ya Kenya ilisema ni mali ya jeshi lake. Hati za mzigo zilikuwa na herufi GOSS, ambazo wengi walizisoma kuwa ni Government of Southern Sudan, yaani Serikali ya Sudan Kusini. Mnunuzi halisi ni nani? Swali hilo lilipaswa kujibiwa bandarini mzigo ulikopakiwa, kabla meli haijang'oa nanga.

Mkataba hauna mahakama yake. Kila nchi hujipima yenyewe. Udhaifu huo ni mkubwa. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 7 zilizowasilisha azimio la kwanza la kutaka mkataba huu mwaka 2006, lakini mkataba ulipoanza kutumika tarehe 24 Desemba 2014 ilikuwa haijatia saini, jambo linaloniuma. Nchi mwanachama hutakiwa kutoa kila mwaka taarifa ya silaha ilizoingiza na ilizouza nje, na humo ndimo vifaru kama vile vingeandikwa.