Krete mwezi wa tatu: angalia upepo kabla hujaangalia joto

Kila ukifika mwezi wa kwanza meseji zinaanza kumiminika, nyingi za ndugu zetu walioko Ujerumani, Uholanzi na Uingereza ambao baridi imeshawachosha: "Dada, mwezi wa tatu Krete kuna joto? Watoto wanaweza kuogelea?" Kazi yangu ni kupanga safari za visiwa vya Mediterania kwa familia zetu za Waswahili, na Krete, kisiwa cha Ugiriki, ndiyo naipenda kuliko vyote, kwa hiyo acha nieleze kwa kirefu hapa, mtu akiuliza tena namtumia linki.

Pwani ya kaskazini ya kisiwa, yaani Chania, Rethymno na Heraklion, mchana joto linacheza kwenye nyuzi 17 au 18, usiku linashuka mpaka 10 hivi. Ukitokea Hamburg hapo ni raha tupu, ukitokea Dar beba sweta na koti la mvua. Lakini bahari ni habari nyingine kabisa. Maji mengi yanapoa taratibu na kupata moto taratibu, kwa hiyo mwezi wa pili na wa tatu, wakati jua limeshaanza kuwaka na mashamba yamejaa maua, bahari ndiyo iko kwenye baridi yake ya mwisho, nyuzi 16 hivi, na ukumbuke Zanzibar muda huohuo maji yako kama 28 au 29. Mtoto ataingiza miguu, atapiga kelele, atatoka mbio. Kama lengo ni kuogelea subiri mwezi wa sita, sitaki kumdanganya mtu.

Sasa kinachoamua safari ya mwezi wa tatu ni upepo, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza siku zao, maana wanaangalia ile namba ya nyuzi kwenye simu basi wamemaliza. Sisi wa pwani tumekua tunajua kaskazi inakuja na joto na kusi inakuja na ubaridi. Kule geuza. Upepo wa kaskazini unaleta ubaridi, mvua na mawimbi, pale bandari ya zamani ya Chania maji yanapanda juu ya gati mpaka wenye migahawa wanaondoa meza. Upepo wa kusini unatoka Libya, umepita Sahara, unaweza kukupa siku ya nyuzi 25 au zaidi katikati ya mwezi wa tatu ukashangaa, ila unakuja na vumbi, na likija kwelikweli anga inageuka rangi ya chungwa mchana kweupe kama ilivyokuwa tarehe 22 Machi 2018. Mwenye pumu siku hiyo akae ndani afunge madirisha, na dawa ya kuvuta awe nayo mkononi, isiachwe kwenye begi la hotelini.

Ndiyo maana mimi sipangi ratiba ya "Jumatatu hapa, Jumanne pale". Napanga orodha ya sehemu za siku ya upepo wa kaskazini na sehemu za siku tulivu, halafu kila jioni tunaangalia utabiri wa kesho tunachagua. Kaskazini ikivuma, milima inaukinga upande wa kusini, kwa hiyo mnapanda gari mnavuka kwenda Plakias, Paleochora au Matala na mara nyingi mnakuta jua na maji yametulia wakati mmeacha mvua nyuma yenu. Mvua ikiwa ya kisiwa kizima, basi ni siku ya jumba la makumbusho Heraklion, na hilo peke yake linakula nusu siku bila mtu kuchoka. Knossos, magofu ya kasri la kale, iachie asubuhi yenye jua, mwezi wa tatu hakuna ile misururu ya kiangazi. Milima yenyewe bado ina theluji, Psiloritis ina mita 2,456, na kuna kitu nakipenda sana Chania: umesimama ufukweni, miti ya michungwa ina matunda, ukiinua macho vilele vyeupe vya Lefka Ori vile pale.

Korongo la Samaria, kilomita 16, msiniombe. Linafunguliwa kwa kawaida tarehe 1 Mei kwa sababu majira ya baridi maji yanajaa na mawe yanaporomoka. Imbros ni fupi, kilomita 8 hivi, hiyo tunaweza kama haijanyesha.

Malazi: kaeni mjini. Elounda, Malia na Hersonissos hoteli nyingi zinafunguliwa mwezi wa nne, ukifika kabla utakuta mapazia yamefungwa na paka tu. Chania na Rethymno watu wanaishi mwaka mzima, mikate iko, mabasi ya KTEL yako. Kabla ya kulipa fleti muulize mwenye nyumba swali moja, kipasha joto kipo? Nyumba za mawe za mji mkongwe ndani zinaweza kuwa na baridi kuliko nje. Na maji ya kuoga: paani kuna tangi linalopashwa na jua, kukiwa na mawingu siku mbili maji yanatoka baridi na watu wanadhani kimeharibika, kumbe kwenye boksi la fyuzi karibu na mlango kuna swichi ya hita, unaiwasha nusu saa unaoga, halafu unaizima.

Tarehe nazo. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu Ulaya inasogeza saa mbele, na ratiba za ndege za kiangazi zinaanza siku hiyohiyo, kwa hiyo kabla ya hapo safari nyingi mnapitia Athens na jua linazama kama saa 12 na nusu jioni, baada ya hapo ndege za moja kwa moja zinaanza kurudi na mwanga unafika mpaka saa 1 na nusu. Pia Pasaka ya Waorthodoksi haifuati ya kwetu, mwaka 2027 ya kwetu ni tarehe 28 Machi na yao tarehe 2 Mei, kwa hiyo ukienda Pasaka yako utawakuta bado wako kwenye mfungo. Hiyo si hasara hata kidogo, migahawa inapika pweza, kunde, konokono na mboga za porini za kuchemsha zilizomwagiwa mafuta ya zeituni na ndimu, na tarehe 25 Machi, sikukuu yao ya taifa, kuna gwaride na kila nyumba inanukia samaki wa kukaanga na kitunguu saumu.

Mkiamua kwenda kwa feri kutoka Piraeus, bandari ya Athens, ni usiku mzima, kama muda wa masaa 9. Upepo ukifika 8 kwenye kipimo cha Beaufort mamlaka za bandari huzuia feri kuondoka, na mwezi wa tatu hilo linatokea. Ile jahazi ya Mtume Paulo ilikamatwa na upepo hapahapa baada ya kutoka Bandari Nzuri, na mahali penyewe papo mpaka leo upande wa kusini, panaitwa Kaloi Limenes. Kwa hiyo usiku wa mwisho lazima mlale Athens, feri na ndege ya kurudi visiwe siku moja, hilo sibadilishi hata mteja akilalamika gharama.

Visa: mwenye kibali cha kuishi Ujerumani au Uholanzi anaingia bila visa nyingine, wa Uingereza mwenye pasi ya Kenya au Tanzania anaomba ya Schengen, ile visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, kama walioko nyumbani, euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya angalau euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari mpaka siku 15, ila siku 15 ni kujitafutia presha, kwa safari ya mwezi wa tatu peleka makaratasi mwezi wa kumi na mbili.