Je, wajua kwa nini keneli ya simu yako (programu ya ndani kabisa inayoendesha simu nzima) wakati mwingine inakataa kulala hata ikiwa inasubiri tu?

Wadau, hiyo Android uliyochukua Kariakoo ndani yake kuna keneli ya Linux, na kori za prosesa (sehemu zake zinazofanya kazi kwa pamoja), hata nane, zinagombania vitu vilevile, foleni ya pakiti za intaneti, orodha za memori, kila kitu. Kori mbili zikibadilisha kitu kimoja kwa mpigo data inavurugika, ndo maana kuna loku, yaani kufuli, anayelishika ndo anaruhusiwa kugusa. Sasa anayekuta loku imeshashikwa afanyeje?

Kama umepanga nyumba ya uani Manzese, wapangaji kibao bafu moja, jibu unalo. Aliyeko ndani ananawa uso tu? Simama na ndoo yako mlangoni. Ni yule anayeingiaga na simu? Rudi ukalale, mwambie akitoka akugongee. Kusimama mlangoni ndo spinloki, kori inazunguka inauliza imeachiwa, imeachiwa, haifanyi kingine. Kulala ndo myuteksi, skedula (mgawa zamu wa keneli) inakutoa, kori anapewa mwingine, loku ikiachiwa unaamshwa.

Kulala nako kuna gharama, kubadilisha kazi kwenye kori kunakula mikrosekunde kadhaa na ukirudi kashe (memori ndogo ya haraka ya prosesa) imeshajaa vitu vya wengine. Ndo maana myuteksi ya Linux yenyewe hailali papo hapo, inachungulia kwanza, kama mwenye loku yuko kwenye kori nyingine anachapa kazi inazunguka kidogo. Mi hapo walinikosha.

Ila wengi wanadhani ishu ni muda tu, kumbe swali la kwanza ni je, unaruhusiwa kulala? Kadi ya mtandao ikipiga intarapti (kengele ya kuita kori), msimbo unaoishughulikia unamkatiza yeyote aliyekuwa kwenye kori, wenyewe si thredi (kazi inayopangiwa zamu na skedula), kwa hiyo ukilala skedula haina cha kuja kuamsha, na Linux itakuandikia "scheduling while atomic", yaani umelala pasiporuhusiwa. Hapo ni spinloki tu. Tena thredi ikishika spinloki halafu intarapti ije kwenye kori hiyohiyo ikiitaka loku ileile, imekwama milele, inamsubiri mtu iliyemkatiza yenyewe, ndo maana kuna spin_lock_irqsave inayozima intarapti za kori hiyo kwanza. Na ukiwa umeshika spinloki usiombe memori kwa GFP_KERNEL, ile inaweza kulala, tumia GFP_ATOMIC na ujiandae kunyimwa.

Kusubiri muda upite tu, bila loku, ndo hivyohivyo. Chini ya mikrosekunde 10 hivi tumia fanksheni ya udelay, inazunguka tu. Kuanzia hapo mpaka milisekunde 20 hivi ni usleep_range, zaidi ya hapo msleep. Usije ukaandika msleep(1) ukategemea milisekunde moja, inafuata tiki za keneli (mapigo ya saa yake), na kama tiki ni 100 kwa sekunde unaweza kulala mpaka milisekunde 20! usleep_range inataka namba mbili, mapema kabisa na mwisho kabisa, ili keneli iwaamshe wengi kwa pamoja na prosesa isishtuliwe ovyo, na hapo betri yako inapona.