Maradhi yakizuka, mfanyakazi analindwa vipi? Maswali na majibu kwa watu wa kazi Lamu

Kazi nyingi za Lamu hufanywa watu wakiwa karibu karibu: jikoni mwa mkahawa wa ukingoni, ndani ya boti ya kuvukia Mokowe, ng'ambo ya bara, kwenye karakana ya fundi wa milango. Maradhi ya kuambukiza yakiingia mjini hupita humo humo inamopita riziki. Majibu haya ni ya mwenye kazi na mfanyakazi pamoja, maana upande mmoja ukijitahidi peke yake hakuna kinachozuilika.

Nikisikia kuna mlipuko, ninunue nini kwanza?

Usinunue kitu bado. Uliza kwanza: maradhi haya yanapita njia gani? Kipindupindu huingia kwa mdomo, kwa maji na chakula kilichoguswa na kinyesi cha mgonjwa. Chikungunya na dengi huletwa na mbu. Mafua makali na UVIKO hupita kwenye pumzi. Mpox hupita zaidi kwa ngozi kugusana, na kwa nguo na matandiko ya mgonjwa.

Ukishajua njia, utajua pa kuziba. Tangu mwaka 2020 wengi wetu tukisikia neno mlipuko mkono unakimbilia barakoa. Lakini barakoa haimzuii mpishi kupata kipindupindu, wala ndoo ya kunawia mlangoni haimzuii mbu. Pesa ya kujilinda ni chache, iende panapostahili. Ofisi ya afya ya umma ya kaunti na hospitali ya King Fahd ndizo za kuuliza ni maradhi gani hasa yaliyothibitishwa. Usitegemee sauti inayosambazwa kwenye simu.

Mimi ni mpishi. Kipindupindu kikiingia, jikoni tubadilishe nini?

Anza na pipa la maji. Tazama vile watu wanavyochota: kopo limening'inia pembeni, mtu anakuja, mkono na kopo vinazama pamoja mpaka kifundo, anakunywa, anarudisha. Anafuata mwengine. Kukiwa na mmoja tu aliyetoka msalani bila kunawa vizuri, pipa lote limeshachafuka, na litatumika siku nzima kwa chai, kwa juisi, kwa kuoshea kachumbari. Toa hilo pipa. Weka chombo chenye kifuniko na bomba chini, ili asiwepo mtu wa kuingiza mkono ndani. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji ya kisima kuonekana meupe si ushahidi wa chochote. Mjini visima na mashimo ya vyoo vimekaa jirani mno.

Pili, kitambaa. Kile kimoja kinacholowa tangu alfajiri, kinachopangusa meza, kisha kisu, kisha jasho, kisha sahani ya mteja. Viwe vingi, vya kazi mbalimbali, vichemshwe au vifuliwe kila siku na kuanikwa juani.

Tatu, barafu. Barafu iliyolaza samaki isikaribie juisi hata kama imesuuzwa. Vijidudu vya kipindupindu haviuawi na ubaridi.

Baada ya hapo ndiyo yale mnayoyajua: kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 hivi, ukitoka msalani na kabla ya kugusa chakula, chakula kiive sawasawa na kiliwe kingali moto, wali wa jana upashwe mpaka moto ufike ndani. Sabuni iwe kwenye choo cha wafanyakazi, si cha wageni peke yake. Nimeona mahali pengi choo cha wageni kina sabuni ya manukato na cha wapishi hakina hata kipande. Wageni wanakula kinachotoka kwenye mikono ya hao wapishi.

Wafanyakazi wangu wote wana cheti cha afya. Hakitoshi?

Cheti kinaeleza hali ya mtu siku ile aliyopimwa, basi. Kipindupindu huweza kumpata mtu kati ya saa chache na siku 5 baada ya kumeza vijidudu, na wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote, au huharisha kidogo tu, ilhali wanavitoa kwenye choo kwa siku kadhaa, pengine hata 10. Cheti kiwepo, sheria inakitaka, ila wakati wa mlipuko swali la kila asubuhi ndilo lenye manufaa zaidi: kuna aliyeharisha au kutapika tangu jana? Liulizwe kwa upole, na atakayesema ndiyo asijute kusema.

Mwenye kuharisha asiguse chakula mpaka zipite saa 48 tangu dalili kuisha. Ikiwa ni kipindupindu kilichothibitishwa, arudi kwa ruhusa ya afisa wa afya.

Mfanyakazi akianza kuharisha maji maji kazini tufanye nini?

Mnyweshe papo hapo. Maji ya ORS, yaani dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo, huku mkitafuta usafiri. Hamna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kipindupindu kikali huua ndani ya saa chache kwa kumaliza maji mwilini, na hapa kwetu safari ya hospitali huenda ikawa ni kungoja boti. Mwenye kazi aliye Shela, Matondoni au Kipungani aweke pakiti za ORS kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na nambari ya nahodha wa dharura ibandikwe ukutani.

Mimi ni nahodha, navusha abiria Mokowe na Lamu. Nitajilindaje, na abiria siwajui?

Una neema moja: upepo. Kwa maradhi ya pumzi, boti iliyo wazi ni salama kuliko ofisi iliyofungwa. Hasara yake ni kubanana. Kukiwa na mlipuko wa mafua makali kunja turubali la pembeni bahari ikiruhusu, usijaze kupita idadi yako ya halali, na wewe na utingo wako mvae barakoa wakati wa kupakia, kwani hapo ndipo nyuso zinapokaribiana.

Jaketi za kuokolea zivaliwe siku zote, mlipuko usiwe sababu ya kuzivua. Ziwe za zamu: hizi zinavaliwa, zile zinakauka juani baada ya kufutwa kwa maji ya sabuni.

Ama matapishi, bahari huwatapisha hata wazima. Usihangaike kukisia nani ni mgonjwa na nani kachafukwa na mawimbi. Chukulia yote sawa. Utingo avae glavu, amwagie maji ya jiki, ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, angoje dakika 10, ndipo afute na kuosha. Asichote maji ya bahari kwa mikono mitupu akasukuma tu.

Hayo maji ya jiki yanachanganywa vipi? Kila mtu ana kipimo chake.

Soma lebo. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe 6 vya maji hutoa dawa ya asilimia 0.5, inayotosha sakafu, vyoo na palipochafuka. Changanya kila asubuhi, kwa kuwa nguvu yake hupungua, na jua huiharibu upesi zaidi. Uchafu wa kawaida, usio matapishi, uoshe kwa sabuni kwanza. Dawa ikimwagiwa juu ya tope humalizikia kwenye tope.

Na tafadhali, msichanganye jiki na sabuni ya choo yenye asidi. Hutoka hewa ya sumu inayochoma kifua, na vyoo vyetu vingi ni vidogo, havina dirisha. Anayefagia na kuosha ndiye wa kwanza kudhurika, naye mara nyingi ni dada asiyeulizwa lolote na mtu. Apewe glavu za mpira nene, viatu vya kufunika, na aoneshwe kwa vitendo. Kumpa chupa peke yake hakutoshi. Kuwapulizia watu dawa hiyo mwilini wakiingia kazini hakusaidii, kunawadhuru macho na ngozi.

Nina nyumba ya wageni. Chikungunya inatuhusu vipi sisi, si ni mambo ya mbu tu?

Inatuhusu kuliko watu wengi duniani. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka hapa hapa mjini Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Fikiria robo tatu ya watu wa mji! Viungo vinauma hata mtu hawezi kufunga kifungo, na maumivu mengine yalivuta wiki, mengine miezi. Mwaka huo huo ikafika Mombasa, na mwaka 2005 ikawa Komoro.

Tena haikuja kwa mvua. Ulikuwa wakati wa ukame na joto. Watu waliweka maji majumbani kwenye mitungi na mapipa, na maji yakakaa muda mrefu bila kubadilishwa. Mbu wake, Aedes, hapendi bwawa la matope. Anapenda maji yetu safi tuliyoyahifadhi ndani, na huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri, saa ambazo wafanyakazi wako wako kazini. Kwa hiyo chandarua cha usiku hakimkingi mtunza bustani.

Kila wiki, siku moja maalumu, zunguka na wafanyakazi nyumba nzima: matangi yafunikwe mpaka sindano isipite, visahani chini ya vyungu vya maua vimwagwe, vifuu na chupa viondolewe, mfereji wa paa usafishwe. Mapipa yasuguliwe kuta za ndani kwa brashi, kwa sababu mayai hugandia hapo na hustahimili ukavu kwa miezi; kumwaga maji peke yake hakuyaondoi. Wiki moja ndiyo kipimo kwa kuwa yai huhitaji siku 7 hadi 10 hivi kuwa mbu anayeruka. Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe walitia samaki wadogo ndani ya birika la chooni, yaani tangi la maji lililojengwa humo, wale viluwiluwi, na baadhi yao walijengea bakuli la kauri sakafuni mwa birika ili samaki wasife maji yakipungua. Mwenye birika hadi leo afanye vivyo hivyo.

Wafanyakazi wapewe dawa ya kupaka, na sare ya mikono mirefu wakati wa mlipuko. Aliyepata homa akae ndani ya chandarua hata mchana kwa wiki ya kwanza, kwa sababu mbu akimuuma yeye humpelekea mwenzake anayelala chumba kimoja. Apimwe malaria pia, asikisie. Maumivu ayatulize kwa paracetamol; aspirini na ibuprofen aziache mpaka dengi iondolewe kwenye shaka, zinaweza kuleta kutoka damu.

Na karakana au ofisi, maradhi ya pumzi yakizuka?

Hewa. Fungua madirisha, hamishia mikutano kwenye daka la mlangoni, kiwandani (uani) au juu darini. Kazi za kusogeleana zifanywe kwa zamu. Barakoa ivaliwe ikiziba pua na mdomo. Ikishalowa jasho ibadilishwe.

Mimi ni kibarua, nalipwa kwa siku. Nikikaa nyumbani watoto wangu watakula nini?

Swali hili lingestahili kuwa la kwanza. Sabuni, jiki na barakoa vyote hushindwa mahali ambapo mgonjwa analazimika kuja kazini. Mtu ameharisha usiku kucha, anajua akisema atakosa mia chache za leo na pengine nafasi yenyewe. Atakunywa chai ya rangi aje akate nyama. Simlaumu. Namsemesha mwenye kazi: mlipe. Siku mbili tatu za ujira wake ni pesa ndogo ukizilinganisha na kufungiwa mkahawa na maafisa wa afya, na kabla ya hesabu yoyote, huyo ni mja aliyekutumikia.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Na kibarua ambaye siku zake za mfululizo zimefikia mwezi mzima hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku mbele ya sheria hiyo. Wengi wenu mmefanya kazi mahali pamoja miaka, mkiitwa vibarua.

Nikilalamika kwamba hatuna glavu, nitafukuzwa?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea mfanyakazi kwa sababu tu amelalamikia jambo la usalama. Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri. Nendeni wawili watatu pamoja, mseme kwa adabu, mtaje kifaa kinachokosekana na kazi inayokihitaji, na muandike tarehe mliyosema.

Mwenzetu amepona amerudi, lakini watu hawataki kula naye sahani moja.

Msimamizi akae naye ale naye, siku hiyo hiyo ya kwanza, mbele ya wote, baada ya kila mmoja kunawa. Aeleze waziwazi kwamba afisa wa afya amemruhusu. Jina la maradhi yake lisitangazwe bila ridhaa yake. Kama ni chikungunya, kula naye hakujawahi kuwa hatari hata alipokuwa mgonjwa. Na kama alikuwa na kipindupindu, ukaguzi urudi kwenye lile pipa la maji, kwa sababu bado haijajulikana yeye alikipata wapi.