Barua ya mwezi wa nne: namna ya kupinga thamani ya nyumba yako Texas kwa mara ya kwanza

Kila mwezi wa nne, nyumba nyingi za Texas hupokea bahasha yenye kichwa "Notice of Appraised Value", yaani taarifa ya thamani ya nyumba iliyokadiriwa. Kwa aliyenunua nyumba mwaka jana, hiyo huwa ya kwanza. Katika ofisi yetu ya ushauri wa makazi hapa Houston tumeona inakoishia: juu ya friji, chini ya matangazo ya pizza, kwa sababu imeandikwa waziwazi kwamba si ankara ya kodi. Ni kweli si ankara. Lakini namba iliyomo ndiyo itakayotumika kupiga hesabu ya ankara ya mwezi wa kumi, na mnunuzi mpya ana sababu kubwa zaidi ya kuifungua mapema kuliko jirani yake aliyekaa hapo miaka 20.

Tuelewane kwanza kwenye neno. Ukisema "kodi ya nyumba" kwetu, mtu anaelewa pango la mwisho wa mwezi. Ndiyo maana wateja wetu hushtuka: "Kodi tena? Si nimeshanunua?" Ninayoizungumzia ni kodi ya majengo. Aliyetoka Dar es Salaam ameizoea ikikatwa kidogokidogo anaponunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, kiasi kilekile kwa kila nyumba ya kawaida. Aliyetoka Nairobi anajua kodi ya kiwanja, inayofuata thamani ya ardhi. Texas mambo ni mengine. Jimbo halitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, hivyo shule, kaunti na miji hutegemea sana kodi hii, na hesabu yake huanzia kwenye bei ambayo kiwanja pamoja na nyumba vingeuzwa sokoni tarehe 1 Januari.

Nani anaijua bei hiyo? Ofisi ya uthamini ya kaunti, lakini hakuna mthamini aliyeingia sebuleni kwako. Nyumba hukadiriwa kwa mkupuo, kompyuta ikifuata ukubwa, umri, mtaa na mauzo ya jirani. Tena sheria ya Texas haimlazimishi mnunuzi wala muuzaji kutangaza bei ya mauzo, kwa hiyo inawezekana kabisa ofisi haijui kwamba ulilipa pungufu kwa sababu paa lilikuwa linavuja. Kupinga namba hiyo si ugomvi na serikali. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tumetoka mahali ambapo kupinga barua ya ofisi ya serikali ni kujitafutia balaa. Hapa ni haki iliyoandikwa ndani ya barua yenyewe. Haina ada, haihitaji wakili, na bodi inayosikiliza pingamizi hairuhusiwi kukupandishia thamani juu ya ile iliyokwisha wekwa kwenye kumbukumbu za ofisi.

Sasa niseme kwa nini mwaka wa kwanza una uzito wake. Mwenye nyumba anayeishi ndani yake anaweza kuomba msamaha wa makazi, ule unaoitwa "homestead". Msamaha huu hupunguza kiasi kinachotozwa kodi. Kwa kodi ya shule peke yake, tangu mwaka 2025 unaondoa dola 140,000. Pia unaweka kikomo: thamani inayotozwa kodi haiwezi kupanda zaidi ya 10% kwa mwaka, isipokuwa umeongeza jengo. Lakini kikomo hicho huanza kazi mwaka unaofuata ule wa kwanza uliopewa msamaha. Namba ya mwaka wa kwanza, basi, haina breki, na ndiyo msingi ambao asilimia 10 za mbele zitahesabiwa juu yake.

Tuchukue mfano. Umenunua nyumba kwa dola 265,000, barua inasema 298,000. Ukinyamaza, mwaka unaofuata wanaweza kufika 327,800. Ukipinga na ikashuka hadi 268,000, mwisho wao mwaka unaofuata ni 294,800. Kwa viwango ambavyo vikijumlishwa vinafika, tuseme, 2.2%, pingamizi hilo limekuokolea dola 660 mwaka huu na hadi 726 mwaka ujao. Jirani wa miaka 20 hali yake ni tofauti: soko linaweza kusema 340,000 huku kikomo kimemshikilia 250,000, na akishushiwa thamani ya soko hadi 310,000 bado atalipa kodi ileile mwaka huu. Kwa hiyo akikwambia kupinga hakuna faida, anasema kweli ya kwake.

Msamaha wenyewe unaombwa bure kwenye ofisi ya uthamini, kwa fomu na kitambulisho cha Texas chenye anwani ya nyumba hiyo. Zipo kampuni zinazotuma barua zenye sura ya kiserikali zikidai malipo ili zikujazie. Usilipe.

Siku ya mwisho ya kupinga ni 15 Mei, au siku 30 tangu barua ilipotumwa, ile itakayochelewa zaidi. Tarehe yako imechapwa kwenye barua, izungushie kalamu. Fomu inaitwa "Notice of Protest". Kaunti ya Harris, iliyo na Houston, ina njia ya mtandaoni, iFile, na namba ya kuingilia imo kwenye barua. Utaona visanduku vya sababu. Weka alama kwenye viwili: thamani kuzidi bei ya soko, na thamani kutolingana na nyumba nyingine. Ukiweka kimoja tu, unaweza kukuta hoja yako nzuri iko kwenye kile ulichokiruka. Kisha omba kwa maandishi upewe ushahidi ambao ofisi itautumia dhidi yako. Wana wajibu wa kukupa siku 14 kabla ya kikao, na kile walichokunyima hawawezi kukitumia.

Ushahidi ndio kazi yenyewe. Anza na karatasi ya kumbukumbu ya nyumba yako kwenye tovuti ya ofisi ya uthamini. Baba mmoja alikuja kwetu na tepu ya kupimia mfukoni. Kumbukumbu ilisema nyumba yake ina futi za mraba 2,180. Alikuwa amepima kuta za nje usiku baada ya zamu, mkewe akimshikia taa ya simu, akapata 1,760. Tulipofungua mchoro tuliiona tofauti: gereji ilikuwa imechorwa kama sehemu ya kuishi. Picha ya mlango wa gereji, gari likiwa ndani, ilimaliza ubishi wa futi 420.

Baada ya vipimo, tafuta ile "Closing Disclosure" ya kurasa tano uliyosaini wakati wa kununua. Kama ulinunua karibu na 1 Januari kwa bei pungufu ya wanayosema, hiyo ni karatasi nzito. Halafu ubovu. Udongo wa mfinyanzi wa Houston huvimba kwa mvua na kunywea kiangazi, na msingi hufuata. Piga picha ufa ukiwa na rula pembeni, kwa sababu ufa bila kipimo unaonekana kama unywele. Mwite fundi akupe makadirio ya ukarabati kwa maandishi, yenye jina la kampuni na tarehe. Dola 14,000 zilizoandikwa na fundi zina nguvu kuliko saa nzima ya maelezo. Mwisho, chukua nyumba nne au tano zinazofanana na yako mtaani, zenye umri na ukubwa unaokaribiana, na uandike kila moja imethaminiwa dola ngapi kwa futi. Usichague zile za chini tu. Wathamini wanazijua zote.

Mara nyingi jambo huishia kwa mthamini wa ofisi, kabla ya bodi. Atakupa namba. Ukiikubali, pingamizi limefungwa, hivyo usiseme ndiyo kabla hujaijua namba yako mwenyewe. Usipokubali unaenda mbele ya bodi, ambayo kwa kawaida hukaa jopo la raia watatu wa kaunti, wasio waajiriwa wa ofisi ile. Utaapishwa, na muda ni mfupi, dakika 15 hivi. Unaweza kufika mwenyewe, kwa simu, kwa video, au kutuma kiapo cha maandishi. Kama tarehe imegongana na kazi na huna wakala, una haki ya kuahirishiwa mara moja bila kueleza sababu, mradi uombe kabla.

Usiwaambie kwamba kodi ni kubwa na mshahara mdogo. Nakuelewa, lakini hawana mamlaka juu ya viwango. Wanaamua thamani tu. Sema: "Naomba thamani iwe dola 268,000, na hizi ndizo sababu tatu." Kumbuka ni ofisi inayopaswa kuthibitisha namba yake. Na ukihitaji mkalimani, tafuta mtu mzima mapema. Mtoto wa darasa la sita hajui "msingi umezama" ni nini kwa Kiingereza, na si haki kumbebesha nyumba ya wazazi wake.

Uamuzi wa bodi usipokuridhisha, una siku 60 tangu uupokee kwenda mahakama ya wilaya au kuomba usuluhishi. Usuluhishi wa nyumba ya kuishi yenye thamani isiyozidi dola 500,000 unahitaji amana ya dola 450, ambayo inarudi, pungufu ya dola 50, ukishinda. Ukiwa umeridhika, hatua imebaki moja. Kama benki ya mkopo ndiyo inayokulipia kodi, haitajua chochote. Ipelekee nakala ya uamuzi, uwaombe wapige upya hesabu ya makato yako ya kila mwezi.