Gomesi Isiyofumuliwa

"Fundi, usifumue hata uzi mmoja," mteja aliniambia, akiiweka mezani gomesi ya marehemu nyanya yake, lile gauni refu la kina mama lenye mabega ya ncha. Alikuwa ameitoa Busia hadi kibandani kwangu hapa Kisumu, akitaka nimshonee nyingine kama hiyo.

Ningeruhusiwa kufumua, ingekuwa kazi ndogo: unatenganisha vipande, unavitandaza juu ya karatasi ya kaki, unachora paterni, yaani umbo la kukatia kila kipande. Nguo ikibaki nzima, inabidi uipime kama watu wa makumbusho. Mwingereza Janet Arnold alitumia miaka mingi hivyo, akipima nguo za kale na kuchora paterni zake kwa skeli; vitabu vyake vilianza kutoka 1964, na wanaoshona nguo za maigizo bado wanavitegemea.

Basi nikaweka kalamu ya wino mbali, maana tone moja tu lingeniharibia jina. Kwa penseli na futi, nilichagua uzi mmoja wa kitambaa unaoshuka toka begani hadi kwenye pindo, nikaufanya mstari wangu wa katikati. Kila baada ya sentimita 5 nilipima kutoka hapo hadi kwenye mshono. Shingo ya mraba na vifungo viwili vya kushoto havikunisumbua. Gomesi ni gomesi tangu Gomes, fundi Mgoa, alipowashonea wasichana wa shule ya Gayaza kule Uganda mwaka 1905.

Mabega ndiyo yalinishika. Ncha ya kulia ilikuwa chini ya ile ya kushoto kwa sentimita nzima. Nilidhani fundi alikosea, lakini mishono ilikuwa midogo, sawasawa, ya mkono usio na haraka. Nikampigia mteja simu. Akacheka: "Kweli, nyanya bega lake moja lilikuwa limelala."

Ukiivalisha sanamu, hutaliona hilo. Ncha za gomesi husimama zenyewe. Paterni huonyesha. Paterni za saizi tofauti, kama zile Ebenezer Butterick alizoanza kuuza Marekani 1863, haziwezi kuwa na bega la mtu mmoja.

Nilichora mbili. Ya kwanza ina bega lililolala, kama nguo ilivyo. Ya pili nimeinyoosha, kwa sababu mjukuu mabega yake yako sawa. Hiyo ya kwanza sikuikata kwenye gazeti kama kawaida yetu. Panya wa hapa wanasoma sana magazeti.